Mabasi yaendayo haraka yapite wapi? Ruti nne na namna ya kuzipima

Mji ukishaamua kujenga mfumo wa mabasi yaendayo haraka, yaani mabasi yaliyotengewa njia zake yenyewe, swali linalofuata ndilo huzua mabishano marefu: yapite wapi? Wananchi huitwa mkutanoni, ramani ikatundikwa ukutani ikiwa na mistari mitatu minne ya rangi mbalimbali, kisha kila mmoja akatakiwa atoe maoni. Mwenye duka hutazama mstari unaopita mbele ya duka lake. Mwenye gari hutazama barabara aliyoizoea. Anayepanda basi kila siku, ambaye mradi ni wake hasa, mara nyingi yuko kazini na hakufika.

Makala haya ni ya yeyote anayetakiwa kuchagua: mkazi, diwani, mjumbe wa kamati ya mtaa, mwanafunzi wa mipango miji. Nimechukua aina nne za ruti zinazojirudia mji kwa mji: katikati ya barabara kuu, mtaa unaokwenda sambamba na barabara kuu, ukanda wa reli iliyoachwa au bonde la mto, na barabara ya mzunguko, ile inayouzunguka mji bila kupita katikati. Hakuna iliyo bora kila mahali, na miji iliyofanikiwa haikufuata mfano mmoja. Lakini uamuzi huu una uzito kuliko rangi ya mabasi, na hata kuliko nauli. Nauli hupangwa upya. Mabasi huchakaa yakabadilishwa baada ya miaka kumi na kitu. Njia ikishamwagiwa zege itabaki palepale hata walioichagua wakishastaafu.

## Vigezo vitano

Watu. Kwa kila kituo kinachopendekezwa, chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 500. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama kilomita 5 kwa saa, hivyo mita 500 ni dakika sita, na wengi huridhia kuzitembea. Hesabu wanaolala ndani ya duara hilo, halafu hesabu wanaokuja humo mchana: wafanyakazi, wanafunzi, wagonjwa, wateja wa soko. Kisha iache ramani, nenda ukatembee mwenyewe. Ukuta wa kiwanda, mfereji au barabara isiyovukika hugeuza mita 300 za ramani kuwa kilomita nzima kwa mama aliyebeba mtoto.

Muda. Abiria hapimi mwendo wa basi. Anapima muda tangu atoke mlangoni kwake hadi afike aendako. Basi lenyewe hupoteza muda mahali patatu: vituoni, kwenye makutano, na pale linapochanganyika na magari mengine. Ruti ikiwa na vituo 30 na basi likasimama sekunde 20 kwa kila kimoja, dakika 10 zimekwenda. Makutano 15 yenye wastani wa kusubiri sekunde 40 yanachukua dakika 10 nyingine. Ndiyo maana mimi huhesabu makutano kwanza, kabla ya kuuliza basi litakwenda mwendo gani.

Nafasi. Njia moja ya basi huhitaji kama mita 3.5, kwa hiyo njia mbili ni mita 7. Kituo cha katikati kinachohudumia pande zote mbili huhitaji mita 4 hivi. Ongeza njia mbili za magari kila upande, jumla mita 13, na mita 3 za waenda kwa miguu kila upande: umefika mita 30. Ukitaka basi lisilosimama liweze kulipita lililosimama kituoni, ongeza mita 7 nyingine pale penye kituo. Nyongeza hiyo haina anasa yoyote. Njia isiyo na nafasi ya kupitana huelemewa abiria wakishazidi elfu kumi na kitu kwa saa kwa upande mmoja. Bogotá ya Kolombia, kwa kuweka nafasi ya kupitana na mabasi yasiyosimama kila kituo, imefikisha zaidi ya 40,000.

Miungano. Ruti haiishi kwenye kituo cha mwisho. Mabasi ya njia mlisho, yale yanayoleta abiria kutoka mitaani hadi kwenye ruti, yatageuzia wapi? Atakayetoka kwenye treni au kivuko atatembea umbali gani? Na mabasi madogo yanayobeba watu leo yatafanywaje?

Ujenzi na hatari. Hapa yanaingia mabomba na nyaya zilizo chini ya ardhi, nyumba za kubomoa, fidia, biashara zitakazoyumba wakati wa ujenzi, mafuriko, na usalama wa anayevuka barabara kwa miguu.

## Ruti ya kwanza: katikati ya barabara kuu

Hii ndiyo picha inayowajia wengi wakisikia mabasi yaendayo haraka: njia mbili za zege katikati, vituo katikati, magari mengine pembeni. TransMilenio ya Bogotá ilianza hivyo Desemba 2000 kwenye Avenida Caracas na Calle 80. Metrobús ya Mexico City ilianza mwaka 2005 kwenye Avenida Insurgentes. Dar es Salaam ilianza Mei 2016 kwa ruti ya kama kilomita 21 ambayo uti wake wa mgongo ni Barabara ya Morogoro.

Watu. Kwa kawaida hapa ndipo penye abiria wengi kuliko ruti nyingine yoyote, na huhitaji kubahatisha, maana unawaona. Wamesimama vituoni tayari, wananing'inia milangoni tayari. Hospitali, soko, vyuo na ofisi vilijengwa kandokando ya barabara hiyo kwa sababu usafiri ulikuwapo. Tahadhari ni moja: barabara kuu ikiwa na maduka na ofisi tupu kandokando, wakazi wanaweza kuwa nyuma zaidi, nje ya duara lako.

Muda. Kukaa katikati kunaliepusha basi na magari yaliyoegeshwa, mageti ya nyumba na magari yanayoingia na kutoka vituo vya mafuta. Shida ni makutano, kwa kuwa barabara kuu hukutana na barabara kuu nyingine. Taa yenye awamu nne, yaani inayoruhusu magari kwa zamu nne, huwaweka wote foleni, basi likiwamo. Dawa inayofanya kazi ni kupunguza awamu: magari yanakatazwa kukata kona mbele ya njia ya mabasi, yanapelekwa mbele kidogo yakageuzie huko. Hatua hiyo huudhi madereva siku ya kwanza, lakini bila hiyo sehemu kubwa ya faida inaishia kwenye taa.

Delhi inafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 2008 ilifungua kipande cha kilomita 5.8 kati ya Ambedkar Nagar na Moolchand. Mabasi yalipata njia yao, ila foleni za magari binafsi kwenye makutano zikawa hoja kuu ya wapinzani, na kwa kuwa kipande kilikuwa kifupi, abiria waliofaidika hawakuwa wengi kiasi cha kukitetea. Mwaka 2016 kikaanza kung'olewa. Barabara kuu ni mahali ambapo kila kosa la usanifu huonekana na watu wenye sauti.

Nafasi. Ukipata mita 30 hadi 37 mfululizo, una bahati. Mara nyingi barabara ni pana kwa kilomita nyingi, halafu inabanwa hadi mita 20 karibu na katikati ya mji, palepale abiria wanapoongezeka. Pakibanwa kuna mambo matatu ya kufanya: kubomoa, kupunguza njia za magari, au kuyachanganya mabasi na magari. La tatu huonekana la upole na ndilo linaloua mradi polepole, kwa sababu foleni ya nusu kilomita huvuruga ratiba ya ruti nzima. Kwa maoni yangu, kupunguza njia za magari ni haki zaidi kuliko kubomoa nyumba za watu. Basi la abiria 100 likipita kila dakika ni watu 6,000 kwa saa. Njia moja ya magari yenye taa za mjini hupitisha magari mia kadhaa tu kwa saa, mengi yakiwa na mtu mmoja au wawili.

Miungano. Ni mizuri, kwa sababu mabasi ya kila upande huishia au hukatiza hapo. Lakini hapohapo pia ndipo wanapopata riziki wenye mabasi madogo. Wasipozungumzwa nao mapema, watapambana na mradi, na watakuwa na sababu. Johannesburg wamiliki wa mabasi madogo, ambayo huko huitwa teksi, walioguswa na mradi wa Rea Vaya waliishia kuwa wanahisa wa kampuni inayoendesha mabasi hayo. Mazungumzo yalikuwa marefu, lakini yalifika mahali.

Ujenzi na hatari. Huu ndio ujenzi wenye maumivu makubwa kuliko ruti zote nne. Chini ya barabara kuu kuna bomba kuu la maji, maji taka, nyaya za umeme na mawasiliano, mengine hayamo kwenye ramani yoyote. Wenye maduka hukosa wateja kwa miezi mingi. Waenda kwa miguu wanahitaji kuvukia kwenye taa usawa wa barabara kila penye kituo, si kupandishwa madaraja.

Inamfaa nani. Mji ambao abiria wake wamejaa kwenye barabara moja inayojulikana, wenye upana wa kutosha angalau kwa sehemu kubwa, na viongozi walio tayari kuwaambia wenye magari kwamba njia moja inakwenda kwa mabasi.

## Ruti ya pili: mtaa sambamba

Wazo ni kuiacha barabara kuu kwa magari na kuyapeleka mabasi kwenye mtaa wa pili au wa tatu kutoka hapo. Curitiba ya Brazili, iliyofungua njia yake ya kwanza mwaka 1974, ilicheza na mitaa mitatu kwa pamoja: wa katikati ukapewa mabasi pamoja na magari machache ya kwenda polepole, na mitaa miwili ya pembeni, mmoja kila upande, ikabeba magari ya kasi, mmoja kwenda na mwingine kurudi. Kisha sheria za ujenzi zikaruhusu maghorofa kandokando ya mhimili huo, hivyo abiria wakaongezeka palepale mabasi yalipo. Kinachosahaulika na wanaoiga ni hicho cha pili. Waliipanga ardhi pamoja na usafiri.

Watu. Mtaa ukiwa mita 150 kutoka barabara kuu, karibu hupotezi mtu. Ukiwa mita 400, wale wa upande wa pili wa barabara kuu wametoka nje ya duara, na unabaki na nusu ya abiria uliowakusudia. Kwa upande mwingine, mtaa wa ndani huwa na wakazi wengi, na kuna wazee na watoto ambao kwao kuifikia barabara kuu ni safari.

Muda. Makutano makubwa ni machache, makutano madogo ni mengi. Kila kichochoro kinachoingia mtaani kinataka kupita. Vichochoro vikifungwa kwa magari na kuachwa wazi kwa miguu na baiskeli, basi linaweza kwenda vizuri kuliko kwenye barabara kuu. Vikiachwa wazi vyote, litakuwa likisitasita njia nzima.

Nafasi. Hapa pana uzuri ambao wengi hawauoni. Mtaa wa mita 20 hautoshi mabasi na magari, lakini unatosha mabasi na waenda kwa miguu: mita 7 za mabasi, 4 za kituo, zinabaki 9 za kutembea na kupanda miti. Mtaa wa namna hiyo unapendeza kuliko barabara yoyote kuu. Wenye mageti wataomba kupita na magari yao, na wapewe ruhusa kwa saa maalumu na mwendo mdogo.

Njia nyingine ya kukwepa ufinyu ni kugawa: mabasi yaende kwa mtaa huu, yarudi kwa mtaa ule. Quito ya Ekwado, ambako mfumo wa mabasi uitwao Trolebús ulianza mwaka 1995, imefanya hivyo kwenye mitaa myembamba ya mji mkongwe. Ni busara pale pasipo na namna, kwa kipande kifupi. Kuifanya kwa ruti nzima ni kuwanyima watu: anayekaa karibu na mtaa wa kwenda hutembea kidogo asubuhi na mbali jioni, tena gizani, na mgeni hajui kituo cha kurudia kiko wapi.

Miungano. Hatari kubwa ni kwamba mabasi ya zamani yatabaki barabara kuu na kuendelea kubeba abiria walewale. Mtu hataacha basi linalopita mbele yake akatafute kituo mtaa wa pili. Ruti hii haina maana kama njia za mabasi mengine hazikupangwa upya kwa wakati mmoja nayo.

Ujenzi na hatari. Mabomba ni madogo, magari ya kuhamisha ni machache, mji hausimami. Malalamiko hutoka kwa wakazi: kelele, mtetemo, watoto waliozoea kucheza mtaani. Hayo si mambo madogo. Mabasi ya umeme hupunguza kelele, taa nzuri na vivuko vya mara kwa mara hupunguza hatari.

Inamfaa nani. Mji mkongwe wenye barabara kuu nyembamba na mitaa iliyonyooka. Pia mji unaotaka kuufufua mtaa wa biashara uliodorora, mradi ukubali kuyatoa magari humo.

## Ruti ya tatu: reli ya zamani au bonde

Wahandisi huipenda, na ni rahisi kuona sababu. Ukanda umenyooka, mmiliki ni mmoja, hakuna magari ya kuhamisha. Pittsburgh ya Marekani ilifungua njia ya mabasi ya mashariki mwaka 1983 kandokando ya reli. Los Angeles ilifungua ya kwake mwaka 2005 juu ya ukanda wa reli iliyoachwa katika bonde la San Fernando. Cambridge ya Uingereza ikafuata mwaka 2011 kwa njia ya mabasi yanayoongozwa na kingo za zege, sehemu kubwa ikiwa mahali pa reli ya zamani.

Watu. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko popote. Reli nyingi zilijengwa kwa mizigo, basi zinapita migongoni mwa viwanda na maghala. Bonde la mto halina watu kwa sababu nzuri: maji hupita hapo. Chora maduara ya mita 500 na utaona mengine nusu yake ni tope au kuta. Pengine viwanda hivyo vimekufa na ardhi inasubiri nyumba, na hapo ruti inaweza kuzaa mji mpya. Lakini uliza: nani anamiliki ardhi hiyo, na mpango wa kujenga umeidhinishwa au ni matumaini?

Muda. Kati ya makutano, hakuna ruti inayoishinda. Kwenye makutano mambo hugeuka. Los Angeles madereva hawakuzoea kuona magari yakitokea kwenye ukanda uliokuwa kimya, ajali zikatokea mapema baada ya ufunguzi, na mabasi yakaamriwa kupunguza mwendo kila yanapokatiza barabara. Mwendo uliotangazwa kwenye michoro ukaliwa hapo.

Kuna tatizo jingine, la mwisho wa ukanda. Njia za mabasi za Ottawa ya Kanada, zilizoanza mwaka 1983, zilikuwa za haraka sana nje ya katikati ya mji. Mabasi yalipoingia mjini yalijikuta kwenye njia zilizotengwa katika mitaa ya Albert na Slater, mamia kwa saa, yakipanga foleni nyuma ya mengine. Mwaka 2019 mji ulifungua treni ya mjini yenye handaki chini ya eneo hilo ili kuondoa kero hiyo. Kwa hiyo ukionyeshwa ukanda mzuri wa kilomita 15, uliza kuhusu kilomita 2 za mwisho.

Nafasi. Ukanda wa reli huweza kutosha njia mbili za mabasi lakini usitoshe kituo chenye nafasi ya kupitana. Upime penye vituo, si penye wastani. Na kama kuna familia zimejenga humo, hata bila hati, wana haki ya kutafutiwa mahali pa kuishi kabla ya tingatinga kufika. Kusema ukanda uko wazi wakati kuna moshi wa jikoni asubuhi ni kuwadanganya wapiga kura.

Miungano. Kila kituo kitahitaji njia ya miguu yenye taa na basi la njia mlisho. Gharama hizo ziingizwe kwenye bajeti ya ruti, zisiachiwe mradi mwingine.

Ujenzi na hatari. Ujenzi ni mwepesi kwa wakazi. Mafuriko ndiyo mtihani wa bonde. Dar es Salaam inajua: karakana ya mabasi iliyojengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, imeingiliwa na maji mara kwa mara, na huduma husimama Barabara ya Morogoro inapofurika hapo. Kipande kifupi cha bondeni kinatosha kuusimamisha mfumo mzima.

Inamfaa nani. Mji wenye vitongoji vikubwa vilivyo mbali na katikati, ambako ukanda unapita karibu na watu angalau kwenye vituo vikuu, na wenye jibu la wazi kuhusu kuingia mjini na kuhusu maji.

## Ruti ya nne: barabara ya mzunguko

Watu. Istanbul iliweka Metrobüs, kuanzia mwaka 2007, katikati ya barabara kuu ya kasi inayokatiza mji, na sasa ruti ya kama kilomita 50 hubeba mamia ya maelfu ya abiria kwa siku. Ahmedabad ya India, mwaka 2009, ilianzia kwenye barabara ya mzunguko iliyokuwa tayari imezungukwa na nyumba na biashara. Waliazimia kuunganisha mahali penye watu bila kulazimika kupita kwenye barabara zilizojaa zaidi. Miji yote miwili ilifaulu kupata abiria kwa kuwa mji ulikuwa umeshaifikia barabara. Barabara ya mzunguko inayopita mashambani ni jambo jingine kabisa.

Muda na nafasi. Hivi viwili vinakwenda pamoja na vyote ni vizuri: upana upo, makutano ni machache na mengine yana madaraja, basi linakimbia.

Miungano. Ruti hii huwafaa wanaotoka kitongoji kimoja kwenda kingine bila haja ya kupitia katikati ya mji, na hao ni wengi kuliko ramani za zamani zinavyodhani. Anayekwenda katikati atabadilisha basi. Mabadiliko hayo yakiwa jukwaa kwa jukwaa kwa nauli moja, atavumilia. Akitakiwa kutembea dakika kumi na kulipa tena, atarudi kwenye basi lake la zamani.

Ujenzi na hatari. Wasiwasi wangu ni anayetembea. Kituo kikiwa katikati ya barabara ya njia nane, abiria anafikia kwa daraja. Ngazi kupanda, ngazi kushuka, lifti ikiharibika anayetumia kiti cha magurudumu amefungiwa nje. Wengine wataruka uzio wakatize mbele ya malori, si kwa ukaidi, bali kwa sababu daraja lina mita 200 za kuzunguka.

Inamfaa nani. Mji mkubwa wenye vituo vingi vya kazi, uliokwisha kuwa na ruti moja ya kuingia katikati au unaoijenga sambamba.

## Mambo mawili yatakayoibuka mkutanoni

La kwanza ni pendekezo la kuyainua mabasi juu ya nguzo. Xiamen ya China ilifanya hivyo mwaka 2008, na Lahore ya Pakistani, mwaka 2013, ilijenga ruti ya kilomita 27 yenye kipande kirefu cha juu mahali mji ulipobana. Linaondoa makutano yote kwa mkupuo. Pia linapandisha gharama mara nyingi, linampandisha abiria ngazi kila safari, na kuongeza vituo baadaye ni kazi nzito. Nalikubali kwa kipande kisicho na njia nyingine. Kwa ruti nzima huwa ni namna ya kukwepa mazungumzo na wenye magari.

La pili linapunguza ugumu wa kuchagua: mabasi si lazima yabaki ndani ya njia yake safari nzima. Guangzhou, tangu mwaka 2010, ina ukanda wa kilomita 22.5 ambamo mabasi ya njia nyingi huingia, hutumia vituo vya pamoja, kisha hutoka na kuendelea mitaani. Abiria wa mtaa wa mbali hahitaji kubadilisha basi. Vituo vinapaswa kuwa vikubwa na vyenye nafasi ya kupitana, la sivyo mabasi yenyewe yatazua foleni.

## Kulingana na hali yenu

Barabara kuu yenu ikiwa na upana wa mita 30 au zaidi, na mabasi yamejaa tangu alfajiri, anzeni kuipima hiyo kabla ya nyingine. Nguvu zenu zielekezeni kwenye makutano na kwenye mazungumzo na wenye mabasi madogo.

Ikiwa inabanwa kwa kilomita moja mbili tu, msiitupe. Tumieni barabara kuu kote, na kwenye kipande chembamba hamieni mtaa wa jirani uliotengewa mabasi na miguu, au gawanyeni kwenda na kurudi kwa umbali huo mfupi.

Ikiwa ni nyembamba kote, mtaa sambamba ulio umbali usiozidi mita 200 hivi kutoka barabara kuu unaweza kuwa chaguo la kwanza. Mpango wa kuyahamisha mabasi mengine utoke siku moja na mpango wa ujenzi.

Reli ya zamani ikipita karibu na hospitali, chuo au soko, ina nafasi ya kweli. Ikipita kwenye maghala na mabonde tu, itawapa sherehe ya ufunguzi ya mapema na mabasi yenye viti vitupu, isipokuwa kama nyumba mpya zimeshaanza kujengwa.

Safari zenu nyingi zikiwa za pembeni kwenda pembeni, kama viwanda viko upande mmoja na makazi upande mwingine, barabara ya mzunguko inastahili kupimwa kwa uzito uleule wa ruti ya kuingia mjini. Sharti vivuko viwe vya usawa wa barabara kila inapowezekana.

Fedha zikitosha nusu tu, kuna kishawishi cha kujenga nusu iliyo rahisi, ile ya nje ya mji ambako hakuna foleni. Huko mabasi yalikuwa yakienda vizuri tangu zamani. Pimeni kipande ambacho basi linapoteza dakika nyingi zaidi leo, na mjadiliane kuanzia hapo, hata kama ndicho kigumu.

Na kabla ya kupiga kura kwenye mkutano wowote, ombeni karatasi tatu kwa kila ruti: ramani ya maduara ya kutembea ikiwa na idadi ya watu na ajira, orodha ya makutano yote na muda ambao basi litasubiri kwenye kila moja, na mchoro wa upana wa barabara mahali pembamba kuliko pote. Upembuzi yakinifu uliofanywa vizuri unazo zote tatu. Mkiambiwa hazipo, ombeni mkutano uahirishwe hadi zipatikane.